Kumjulia Hali Mfalme wa Korbeniki

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na wakubwa wake hawafanani na wakubwa wa popote. Ukisoma ukamwona humu mtu unayemfahamu, hiyo ni bahati mbaya yako, mimi simo.

Katika nchi hiyo ipo ngome iitwayo Korbeniki. Hata wasimulizi wa mbali, wale wa hadithi za mashujaa waliovaa chuma na kuketi kwenye meza ya duara, waliwahi kuitaja. Walisema ni ngome ambayo mtu akiitafuta haioni. Serikali yetu iliipenda sana sifa hiyo ikaiendeleza: vibao vyote vya kuelekeza njia viling'olewa, na barabara ya kwenda huko ikapewa namba ya barabara nyingine. Ndani ya ngome alilala Mfalme, na pajani pa Mfalme palikuwa na jeraha la mkuki ambalo lilikuwa limekataa kupona kwa miaka ishirini na sita.

Wasimulizi hao walisema mambo mawili zaidi. La kwanza, mfalme wa Korbeniki akiumwa, nchi yake nayo huumwa. Mito hukauka na mahindi hunyauka. La pili, dawa yake ni moja tu: mgeni aketi mezani pake, amtazame usoni, amuulize anaumwa nini. Basi. Hakuna kuchemsha mizizi, hakuna kusafirishwa ng'ambo. Sasa, dawa rahisi namna hiyo ni hatari kwa usalama, na serikali iliyo makini haiwezi kuiacha izagae mitaani.

Ndipo Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Bakunja, alipoleta Sheria ya Maswali. Kumuuliza Mfalme anaumwa nini, alieleza, ni kudai kwamba Mfalme anaumwa. Kudai hivyo ni kumwombea mabaya, na kumwombea Mfalme mabaya ni uhaini. Na kwa kuwa askari hawezi kujua swali linaelekea wapi mpaka liishe, ilionekana ni busara kupiga marufuku maswali yote, makubwa kwa madogo. Bunge liliipitisha sheria hiyo bila swali.

Tukazoea. "Hujambo" ilifutwa, na "habari za asubuhi," na "umeamkaje," kwa sababu zote zinauliza. Tukabaki na majibu. Jirani akikutana na jirani alisema "Njema," mwenzake akajibu "Njema sana," kisha kila mmoja akashika njia yake na shida zake. Shuleni watoto walifanya mitihani ya majibu matupu na wakafaulu wote. Hospitalini daktari alimkazia mgonjwa macho akawa anabahatisha, mara kichwa, mara tumbo, mara figo, mgonjwa naye akikataa kwa kutikisa kichwa, mpaka mmoja wao achoke. Kwa kawaida aliyechoka ni mgonjwa.

Ili wananchi wasiingiwe na wasiwasi, kila mwezi gazeti la serikali lilichapisha picha ya Mfalme akivua samaki bwawani, buheri wa afya. Samaki alikuwa yuleyule miaka yote. Nilimjua kwa kovu lake la karibu na jicho, na siku za karibuni alikuwa ameanza kuonekana mchovu kuliko Mfalme.

*

Mimi naitwa Vuai, na nilikuwa karani katika Idara ya Ukimya. Kazi yangu ilikuwa kupitia madaftari ya mikutano ya hadhara ya nchi nzima na kuandika nani kasema nini. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisema kitu, nilipata nafasi ya kusaidia idara nyingine. Hivyo ndivyo nilivyoombwa kuandika orodha ya watu wa Kizingani.

Mto wa Kizingani ulikuwa umekauka. Serikali ilitoa taarifa kwamba haukukauka, umepumzika, na kwamba wakazi wake wamepewa heshima ya kuhamia Kambi ya Wageni wa Taifa, huko nyikani, siku ya Ijumaa saa mbili asubuhi, kwa malori sita. Kama maji yangeonekana mtoni kabla ya Ijumaa, taarifa iliongeza kwa ukarimu, safari isingekuwa na haja. Nikaandika majina mia mbili na kumi na manne kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga mstari chini, nikaenda kunywa chai.

Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa la mjane mmoja, Bi Siwatu, mfinyanzi. Alizaliwa Kizingani, akazaa hapo, akazika hapo. Uani kwake vilikuwapo vyungu mia mbili hivi vilivyokwisha kuchomwa, vyote vitupu, maana hakukuwa tena na maji ya kuchota wala mtu wa kuvinunua. Watu walimshauri afungashe mapema apate nafasi nzuri kwenye lori. Yeye aliendelea kufagia uwanja wake kama mtu anayetarajia wageni.

Juma hilohilo tulitakiwa tumchague Mgeni wa Mwaka. Hii ni desturi ya Korbeniki: kila mwaka raia mmoja hualikwa kula chakula cha mchana na Mfalme. Anakula, anaona yote, hasemi neno, anavishwa Nishani ya Ulimi Uliotulia na kurudishwa kwao, na gazeti huandika kwamba mgeni hakuona sababu ya kuuliza chochote. Raia huyo lazima awe mkimya kuliko wote nchini. Nikafungua majalada. Nikamkuta Bi Siwatu: miaka kumi na mmoja, mikutano yote kahudhuria, hakutamka hata neno moja. Hata kukohoa hakukohoa. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Raia wa mfano," Mheshimiwa Bakunja akatia sahihi.

Ukweli wenyewe niliujua baadaye, kwa sababu kuujua mapema kungehitaji kuuliza. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mkuu wa Wilaya, kijana ambaye Bi Siwatu angeweza kumzaa, alipita mbele ya mlango wake bila kumwamkia. Hakusema shikamoo, hakugeuza hata shingo. Bi Siwatu akasema basi, na yeye hatasema neno kwenye mikutano ya serikali mpaka serikali imwamkie. Akaisusia. Alikwenda mikutanoni makusudi, akaketi mstari wa mbele, akanuna. Sisi huko mjini tukausoma ule mnuno tukauita uzalendo.

*

Jumatatu aliletwa Korbeniki kufundishwa kunyamaza. Mheshimiwa Bakunja alimfundisha mwenyewe, kwa hotuba iliyochukua saa tatu nzima.

Mkononi Bi Siwatu alikuwa na chungu cha uji wa mtama, umefunikwa kwa sahani. Askari wa lango walikizunguka chungu kile wakiwa wameduwaa, maana hawakuruhusiwa kumuuliza ni cha nini. Yeye akawaambia bila kuulizwa kwamba anakwenda kwa mgonjwa, na kwao mtu haendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Wakaandika kwenye daftari, "Silaha ya udongo, moja," wakakichukua. Nadhani waliula ule uji, maana chungu kilirudi kimekwanguliwa.

Maneno yale, kumjulia hali mgonjwa, yalinishtua. Ningekuwa karani mzuri kweli ningeyapeleka juu. Nilikaa nayo. Sijui kwa nini, na nilikuwa sijazoea kujiuliza.

Jumanne adhuhuri ukumbi ulijaa. Mawaziri waliketi kwa urefu wa suti zao. Nilisimama ukutani na daftari langu, tayari kuandika kwamba hakuna kilichosemwa. Mfalme aliletwa na kitanda chake na kuwekwa kwenye kichwa cha meza: mzee mwembamba, macho makubwa, shuka jeupe kutoka kiunoni kwenda chini. Harufu ya kidonda ilitangulia kitanda. Mawaziri wote wakavuta pumzi na kusifu harufu ya pilau.

Kisha ukapita msafara, kama ulivyopita kila siku kwa miaka ishirini na sita. Mbele alitembea mbeba mkuki, na ncha ya mkuki ilikuwa ikidondosha damu mbichi, tone baada ya tone, juu ya zulia. Nyuma yake vinara vya mishumaa, mchana kweupe. Nyuma yake bakuli la dhahabu lililofunikwa. Kila mtu aliinamia sahani yake. Nimeuona msafara ule mara tisa, na mara zote tisa nilihesabu punje za wali.

Bi Siwatu hakuinama. Aliufuata mkuki kwa macho mpaka ukutani, akalitazama zulia, akalitazama shuka. Akanyanyuka. Akaenda mpaka kitandani, akapiga goti taratibu kwa sababu ya magoti yake.

"Shikamoo, baba," alisema.

Shikamoo si swali. Mheshimiwa Bakunja alikuwa ameiruhusu. Mfalme akajibu marahaba, na ukumbi ukapumua.

"Pole sana," Bi Siwatu akaendelea. "Unaumwa nini?"

Nilisikia kijiko kikianguka mahali fulani. Mheshimiwa Bakunja alisimama akatabasamu, akautangazia ukumbi kwamba mgeni wetu mpendwa ametoa maelezo mazuri, na kwamba maelezo yake yamepokewa.

"Si maelezo," alisema Bi Siwatu bila kumgeukia. "Ni swali, na ninalirudia. Unaumwa nini, baba?"

Mfalme akafungua mdomo. Ilimchukua muda, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Paja," alisema. "Lakini lilikwisha kupona."

*

Askari wawili walikwishapiga hatua, wakasimama. Sheria ilisema muulizaji akamatwe kabla hajajibiwa. Kuhusu muulizaji aliyekwisha kujibiwa haikusema lolote, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea, na askari wetu hawafanyi kitu ambacho hakikuandikwa. Wakabaki wamesimama na mikono hewani.

Mfalme aliongea kwa sauti ndogo, lakini hakuna aliyekosa neno. Jeraha lilianza kupona mwaka uleule wa kwanza, alisema. Kidonda kilifunga, na mto mmoja kaskazini ukaanza kutiririka. Lakini kilipofunga, mkuki wa msafara ukakauka, na Mamlaka ya Taifa ya Jeraha ilikuwa imekwisha kuajiri wabeba mkuki, wafua mashuka, wasugua zulia na wakaguzi wa matone. Msafara bila damu ungewaweka wote nje. Basi asubuhi moja wakaja kwa adabu, wakamwomba radhi, wakamchoma palepale. Tangu hapo wakawa wanakuja kila asubuhi kabla ya chai.

Bi Siwatu alimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba mfalme halalamiki. Mfalme hujibu, na hakuna aliyemuuliza.

Nitasema wazi kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimeyaona matone yale. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari kama mapambo.

Mheshimiwa Bakunja hakuona aibu hata kidogo. Alitoa hotuba. Alisema jeraha ni urithi wetu sote. Alisema kuna nchi zenye dhahabu, kuna nchi zenye bandari, na sisi tumejaliwa jeraha. Wafanyakazi mia nne na kumi na wawili wanalitegemea, bila kutaja familia zao. Uso ukamwiva, akapaza sauti kuliko alivyokusudia: "Likipona hili, tutamsimamia nani?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Wale askari wawili walitazamana, kisha wakamtazama yeye, kwa sababu yeye alikuwa bado hajajibiwa.

Akakaa chini.

Hapo Mfalme alifanya kitu ambacho hakikuwamo kwenye ratiba. Alijiinua kwa kiwiko, na kwa kuwa alikuwa ameamkiwa na kujuliwa hali, naye akarudisha, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Na nyinyi huko kwenu, habari?"

"Njema!" walijibu mawaziri wote kwa pamoja.

"Si njema," alisema Bi Siwatu.

Hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba mto wa Kizingani umekauka mpaka mawe yamepasuka, kwamba watu mia mbili na kumi na wanne wanaondolewa Ijumaa saa mbili, na kwamba huko nyikani wanakopelekwa hakuna hata kivuli cha ukuta. Wengine ni wazee, alisema, na hawatafika.

Macho ya Mfalme yalijaa machozi. Akasema hakujua.

"Hukuuliza," Bi Siwatu akamwambia. "Sheria hii haikukuhusu wewe. Miaka ishirini na sita umelala hapa unangoja uulizwe. Na sisi tulikuwa tunangoja vilevile, baba. Tumekauka tukikungoja."

Sijawahi kuona mtu akimwambia mfalme hivyo, wala sijawahi kuona mfalme akikubali. Aliinamisha kichwa. Bi Siwatu akavuta kiti cha Waziri wa Kilimo, akakiweka sawa na lile paja, akaketi.

"Kesho asubuhi mkija na mkuki wenu mtanikuta hapa," aliwaambia. "Mtanichoma mimi kwanza."

*

Jumatano asubuhi walikuja, kwa adabu, na mkuki. Walimkuta. Mbeba mkuki alikuwa mtu wa makamo mwenye mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa kazi hiyo. Alisimama mbele ya kile kiti kwa muda mrefu. Bi Siwatu akamuuliza jina lake nani, na kama mama yake yupo hai. Akajibu yote mawili, akaanza kulia, akauegemeza mkuki ukutani akaenda nyumbani. Wabeba mkuki wa zamu waliofuata walikuta hakuna fomu ya kumchoma mfinyanzi.

Msafara ulipita hata hivyo, mkuki ukiwa mkavu. Mawaziri waliinama kama kawaida. Mmoja tu aliinua macho, akauliza kwa kunong'ona kama anaweza kuongezewa mchuzi, na alipoongezewa alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi kidonda kilikuwa kimekauka na kushika ngozi nyembamba, na Mfalme akaweka miguu chini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufuta amri ya Kizingani. Aliandika kwa mkono wake. Lakini barua ya kufuta amri ilipaswa kugongwa muhuri ofisini kwa Mheshimiwa Bakunja, na Mheshimiwa Bakunja alikuwa kitandani, mgonjwa. Hakuna mtu ofisini kwake aliyethubutu kumuuliza anaumwa nini. Kwa hiyo amri ikabaki palepale na malori sita yakajazwa mafuta.

Ijumaa alfajiri, Bi Siwatu alipotaka kurudi kwao, ilionekana hakuna gari jingine linalokwenda Kizingani. Alipanda lori la kwanza, lilelile lililopangwa kumchukua, akaketi mbele kati ya dereva na mimi. Mimi nilikuwa na orodha mapajani, kwa sababu karani ndiye husoma majina. Njia nzima alituuliza maswali. Alimuuliza dereva ana watoto wangapi. Aliniuliza mimi kazi yangu ni nini, nikamweleza kuhusu Idara ya Ukimya na jalada lake. Ndipo aliponisimulia habari ya Mkuu wa Wilaya, akacheka mpaka akafuta macho. Mimi sikuweza kucheka.

Saa mbili kasoro dakika chache tulifika pale barabara inapoteremka kuingia kijijini. Lori likayumba, likanguruma, likazama mpaka kwenye ekseli. Dereva alifungua mlango akatazama chini kana kwamba haamini macho yake. Yalikuwa matope, meusi, mazito, yanayometa, na nyuma yake, palipokuwa na mawe yaliyopasuka, maji yalikuwa yakipita kwa haraka kama yanayochelewa mahali. Lori la pili lilizama nyuma yetu. Mengine manne yalifuata kwa utaratibu, kwa kuwa amri ilisema malori sita. Jioni ya siku hiyo redio ilitangaza kwamba ukame unaendelea vizuri, sasa kwa njia ya maji.

Watu wa Kizingani walikuwa wamesimama ng'ambo na mizigo yao vichwani, wamelowa mpaka magotini, hawajui washangilie au wakimbie. Bi Siwatu alivua viatu, akashuka. Nami nikashuka na orodha yangu, nikazama, nikamfuata mpaka walipokuwa.

"Majina hayo kayaandika nani?" aliniuliza, mbele ya watu wote.

Miaka yote ile serikalini nilikuwa nikiliogopa swali moja tu, na sikujua ni lipi mpaka nilipolisikia.

"Mimi," nilisema. "Niliyaandika mimi."

Hakunipiga, wala hakuna aliyenipiga, ingawa nilikuwa tayari kwa hilo. Walinitazama. Wengine walikuwa ndio kwanza wanaona kwamba nina uso.

"Basi yasome," alisema Bi Siwatu. "Na kila mmoja umuulize kama anataka kuondoka."

Nikasoma jina la kwanza, la mzee mmoja aliyeshikilia mlango wa nyumba yake aliokuwa ameung'oa ili asafiri nao. Nikamuuliza kama anataka kuondoka. Alinitazama sana, akauteremsha mlango chini.

"Siondoki," alisema.

Nikaandika. Nikamuuliza wa pili, akasema siondoki. Wa tatu alikuwa mama mwenye mapacha, akanijibu mara tatu, mara moja kwa kila kichwa. Wapo walioitamka polepole wakiionja, na wapo walioitupa usoni kwangu kama jiwe. Niliistahili. Jua lilipanda, mkono ukaniuma, daftari likaloa, nami nikaendelea, jina baada ya jina, neno lilelile, mpaka nikafika chini ya ukurasa, juu tu ya ule mstari niliopiga kwa madaha kabla ya kwenda kunywa chai.

Jina la mwisho lilikuwa lake. Alikuwa amesimama mbele yangu, maji yakimpita miguuni, na jibu lake nilikuwa nalijua kuliko ninavyolijua jina langu. Nikamuuliza hata hivyo.